Sahihi Isiyo na Mwenyewe: Kisa cha Mgomo wa Siku 100 wa Madaktari wa Kenya

Tarehe 27 Juni 2013, chama cha madaktari wa Kenya, KMPDU, na Wizara ya Afya walitia sahihi mkataba wa pamoja wa ajira. Wakenya huuita CBA tu, nami nitauita hivyo. Miaka mitatu na nusu baadaye, Jumatatu ya Desemba 5, 2016, madaktari wapatao 5,000 waliacha kazi katika hospitali za umma kwa sababu yaliyoandikwa kwenye mkataba ule hayakuwa yametekelezwa. Walirudi kazini baada ya Machi 14, 2017. Siku mia moja zilikuwa zimepita.

Mjadala wowote kuhusu haki ya mfanyakazi wa serikali kujadiliana na mwajiri wake huwa unaishia kwenye swali moja: je, daktari ana haki ya kugoma? Ni swali zito na nitalifikia. Ila katika kisa hiki kuna swali lililolitangulia, na naamini ndilo lililozaa mgomo wenyewe. Serikali inapotia sahihi, aliyetia sahihi ni nani hasa?

Tuanze na mkataba ulivyokuwa, kwa sababu wengi waliuhukumu bila kujua ndani mna nini. Serikali ilitakiwa kuajiri madaktari 1,200 kila mwaka kwa miaka minne. Saa za kazi zilipimwa kuwa 40 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe. Kulikuwa na hazina ya utafiti, kugharamia wanaokwenda kusomea ubingwa, na utaratibu wa kupandishwa cheo usiotegemea nani anamjua nani. Na ndiyo, kulikuwa na mshahara, tena nyongeza kubwa. Vyombo vya habari vikashika nambari moja, asilimia 300, na nambari hiyo ikameza mengine yote. Ulikuwa msimu wa ukame. Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la taifa. Mtu anayehesabu shilingi za kununulia pakiti ya unga akisikia kuna mfanyakazi wa serikali anadai asilimia 300, huyo mfanyakazi ameshashindwa kesi kabla hajasimama kizimbani.

Mimi niliwahi kulala na mgonjwa wangu katika hospitali moja ya umma huku Pwani, kabla ya mgomo huo. Usiku kucha daktari alikuwa mmoja kwa wodi tatu. Nilimwona akipita mara ya kwanza saa nne, na mara ya pili alfajiri, macho mekundu, akiuliza jina la mgonjwa ambaye alikuwa amekwisha kumhudumia. Sikumlaumu. Kwa hiyo niliposoma kile kipengele cha madaktari 1,200 kwa mwaka, sikuona ulafi mahali popote. Niliona wodi tatu zikigawanywa kwa watu watatu. Haki ya kujadiliana kwa pamoja, katika utumishi wa umma, mara nyingi ni hiyo: wanaoijua kazi kwa mikono yao wanapata nafasi ya kuandika kwenye karatasi yenye nguvu ya sheria jinsi kazi hiyo inavyopaswa kufanywa. Mgonjwa hana chama. Mtu wa karibu zaidi naye kwenye meza ile alikuwa daktari.

Milango mitatu

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini mkataba uliotiwa sahihi na wizara haukutekelezwa? Serikali haikusema kamwe kwamba sahihi ile ilighushiwa. Ilitoa hoja tatu, na madaktari walipobisha mlango huu waliambiwa mwenyewe yuko ule.

Hoja ya kwanza: mkataba haukusajiliwa mahakamani. Hili ni kweli kisheria, na lina uzito. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 inasema mkataba wa pamoja unaanza kutekelezeka ukishasajiliwa na mahakama inayoshughulikia kesi za ajira. Lakini soma kifungu cha 60 hadi mwisho. Mwenye wajibu wa kuupeleka mkataba ukasajiliwe ni mwajiri, na anatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku 14. Chama kinaweza kuupeleka mwajiri akishindwa, ila wajibu wa kwanza ni wa mwajiri. Yaani aliyekuwa akiwaambia madaktari "karatasi yenu haijasajiliwa" ndiye aliyepaswa kuisajili. Ningekuwa mwanasheria ningesema kwa upole kwamba mtu hawezi kufaidika na kosa lake mwenyewe. Kwa kuwa si mwanasheria, nasema ilikuwa dhuluma.

Lazima niwe mkweli pia kwamba chama nacho kilichelewa. Sheria iliwapa mlango wa kuingia wenyewe mahakamani na ulikuwa wazi tangu Julai 2013. Miezi ikapita, na kila mwezi uliopita uliipa serikali hoja ya kusema mambo yamebadilika.

Hoja ya pili ilikuwa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Katiba ya 2010, ibara ya 230, iliipa tume hii kazi mbili: kupanga mishahara ya maafisa wa dola, yaani mawaziri, wabunge, majaji na wengineo, na kuzishauri serikali kuhusu mishahara ya watumishi wengine wote wa umma. Neno lililotumika kwa kundi la pili ni kushauri. Ushauri unaweza kukataliwa, au ndivyo wengi walivyoelewa. Kisha mwaka 2015 walimu walipeleka madai yao mahakamani, jaji wa mahakama ya leba akawapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, nchi ikatikisika kwa mgomo wa wiki tano, na mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza hiyo. Katika hukumu hiyo majaji walisema ushauri wa SRC unafunga. Toka hapo kila chama cha watumishi wa umma kikawa kinakaa mezani na mtu ambaye hana kauli ya mwisho, huku mwenye kauli ya mwisho akiwa chumba kingine.

Siisemi SRC vibaya kwa kuwepo kwake. Kabla yake kila wizara ilijipangia, na wenye sauti kubwa walikuwa wakijilipa wapendavyo. Bajeti ya mishahara ya serikali inalipwa na mkulima wa Bungoma na mvuvi wa Lamu, na ni haki yao awepo mtu wa kuuliza pesa zitatoka wapi. Lawama yangu kwa mfumo huu ni ya mpangilio. Ikiwa idhini ya tume ni lazima, basi tume ikae mezani tangu siku ya kwanza, au itoe kiwango cha juu kabla mazungumzo hayajaanza. Kumwacha mfanyakazi ajadiliane miezi kadhaa, atie sahihi, apigwe picha akishikana mikono na katibu wa wizara, halafu aambiwe kwamba kuna tume haijasema neno, huko ni kumchosha mtu makusudi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyozungumzwa kidogo kuliko zote. Mkataba ulitiwa sahihi mwisho wa Juni 2013. Kenya ilikuwa imefanya uchaguzi Machi mwaka huohuo na kuanzisha serikali za kaunti 47. Jedwali la Nne la Katiba lilikwisha kuzipa kaunti huduma za afya, na kuiachia serikali kuu sera pamoja na hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret. Agosti 2013, wiki chache baada ya sahihi, majukumu ya afya yalihamishiwa rasmi kaunti. Daktari wa hospitali ya wilaya alilala akiwa mwajiriwa wa wizara Nairobi na kuamka akiwa wa gavana.

Magavana wakasema, na unaweza kuwaelewa: hatukuwepo, hatukuulizwa, na hakuna aliyetupa pesa za kulipia. Wizara ikasema: madaktari si wetu tena. Kwa hiyo kulikuwa na mkataba halali wenye mwajiri aliyetia sahihi lakini halipi, na mwajiri anayelipa lakini hakutia sahihi. Ugatuzi niliupigia kura na bado nauamini. Huku kwetu umeleta zahanati mahali ambapo palikuwa na mti tu. Ila mtu aliyeketi wizarani Juni 2013 akijua kinachokuja Agosti, na bado akatia sahihi bila kuwaita magavana, alikuwa akitoa ahadi kwa mfuko wa mtu mwingine.

Walimu wanatusaidia kuliona hili vizuri. Oktoba 2016, wiki chache tu kabla madaktari hawajagoma, Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilitia sahihi CBA na vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, wa shilingi bilioni 54 kwa kipindi cha 2017 hadi 2021. Serikali ni ileile. SRC ni ileile. Sheria ni ileile, na walimu ni wengi mara nyingi kuliko madaktari. Tofauti ni kwamba walimu wana mwajiri mmoja, tume iliyotajwa ndani ya katiba yenyewe, na anayetia sahihi ndiye anayelipa. Hii ndiyo sababu madaktari hawakuacha kudai tume ya huduma za afya ya kuwaajiri, mfano wa TSC. Walioliita dai hilo njama ya kuua ugatuzi walikuwa na hofu ya kweli, lakini hawakuleta jibu jingine la swali la nani atawajibika.

Siku mia moja

Mgomo ulianza vibaya. Wauguzi nao waligoma siku ileile, na katika hospitali ya Mathari, Nairobi, inayohudumia wagonjwa wa akili, zaidi ya wagonjwa mia moja waliondoka bila mtu wa kuwazuia. Picha zao wakiruka ukuta zilizunguka nchi nzima. Wauguzi walipatana na serikali mwezi huohuo. Madaktari wakabaki peke yao.

Mahakama ilikuwa imeusimamisha mgomo kabla haujaanza. Madaktari waligoma hata hivyo. Januari 2017 Rais aliwaita viongozi wa chama Ikulu ya Mombasa, na serikali ikaweka mezani nyongeza ya asilimia 40, ambayo ingempeleka daktari wa ngazi ya chini kutoka takribani shilingi 140,000 kwa mwezi hadi takribani 197,000. Chama kikakataa. Wengi walishangaa, na hata baadhi ya waliokuwa wakiwaunga mkono walianza kunung'unika. Nilinung'unika pia. Baadaye nilielewa walichokuwa wakikataa. Asilimia 40 ilikuwa zawadi, na zawadi hutolewa na mkubwa anapopenda. Walichokuwa nacho mkononi ni mkataba. Wakipokea zawadi na kuuacha mkataba, wangekuwa wamekubali mbele ya kila mtumishi wa umma wa Kenya kwamba sahihi ya serikali ni maoni tu.

Kauli mbiu yao mitandaoni ikawa "Lipa kama tenda", yaani tulipe kama unavyolipa zabuni. Maneno matatu, na kila Mkenya aliyaelewa bila kufafanuliwa. Oktoba 2016 ripoti ya ukaguzi wa ndani wa Wizara ya Afya ilikuwa imevuja, ikizua maswali kuhusu matumizi ya shilingi bilioni 5. Wizara ilikana kwamba pesa zilipotea. Lakini mwananchi aliyesikia bilioni 5 mwezi wa Oktoba hakuwa tayari kusikia "hakuna pesa" mwezi wa Desemba. Mkataba na mfanyabiashara wa kuleta mitambo unalipwa. Mkataba na anayeitumia mitambo hiyo unahitaji tume, mahakama na magavana 47. Sijasikia mpaka leo hoja iliyolijibu hilo vizuri.

Januari 12, Jaji Hellen Wasilwa wa mahakama ya leba aliwahukumu viongozi saba wa chama kifungo cha mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya mahakama, akakiahirisha ili mazungumzo yaendelee. Hayakuzaa kitu. Februari 13 kifungo kikaanza kutekelezwa, na mwenyekiti Samuel Oroko, katibu mkuu Ouma Oluga na wenzao wakapelekwa gerezani. Madaktari wa hospitali za kibinafsi nao wakasitisha kazi kwa saa 48. Kwa siku mbili hizo hata mwenye pesa alionja kile ambacho maskini alikuwa akionja tangu Desemba. Februari 15 Mahakama ya Rufaa iliwaachilia, na Chama cha Mawakili pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu zikapewa kazi ya kupatanisha.

Sina raha kuandika kuhusu kifungo kile. Amri ya mahakama ni amri, na chama kinachodai mkataba uheshimiwe kisheria hakiwezi kuchagua amri zipi ziheshimiwe. Hapo chama kilikosea, na mwajiri akapata nafasi ya kusimama upande wa sheria ambao hakuustahili. Ila jaribu kuwa kiongozi wa chama wakati ule. Mkataba wako uko miaka mitatu kwenye kabati. Ukienda mahakamani unaambiwa kajadiliane. Ukijadiliana unaambiwa subiri SRC. Ukisubiri unaambiwa waulize magavana. Ukigoma, mahakama ileile ndiyo inayosikia kesi yako upesi kuliko wakati mwingine wowote.

Na wagonjwa je?

Mtaani kwetu, Januari ile, tulichanga mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya mzee wa jirani aliyevunjika nyonga, kumpeleka hospitali ya kibinafsi. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya mazishi, mtu mwingine. Siwezi kusema mgomo ndio uliomuua, na sitasema. Lakini najua kwamba aliyekuwa na bima hakuchangiwa, na kwamba mawaziri na wabunge waliokuwa wakibishana na madaktari hawakuwa wakitibiwa kwenye wodi zilizofungwa. Hapo ndipo mgomo wa daktari wa umma unapotofautiana na mgomo wa kiwandani. Kiwandani anayeumia ni mwenye mali, na maumivu yake ndiyo yanayomleta mezani. Hospitalini anayeumia ni mama wa Kwale aliye na uchungu wa uzazi, na mwenye mamlaka haumwi popote ila kwenye kura, tena baada ya miezi.

Kwa sababu hii sheria ya Kenya inaziweka huduma za hospitali kwenye orodha ya huduma muhimu na kukataza mgomo humo. Upande wa pili, ibara ya 41 ya katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na ibara ya 24 inapotaja wanaoweza kupunguziwa haki hiyo waziwazi, inawataja wanajeshi na polisi. Madaktari hawamo. Mwanasheria mmoja atakwambia sheria ya 2007 imeshindwa na katiba ya 2010, mwingine atakwambia haki ya uhai ya mgonjwa ni nzito kuliko zote.

Msimamo wangu uko karibu na ule wa Shirika la Kazi Duniani, ILO. Shirika hilo linakubali kwamba nchi inaweza kuzuia mgomo hospitalini. Lakini haliishii hapo. Linasema mfanyakazi aliyenyimwa silaha hiyo ni lazima apewe kitu badala yake: usuluhishi wa haraka, usioegemea upande, ambao uamuzi wake unazifunga pande zote mbili na unatekelezwa mara moja. Kenya imechukua nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuiacha ya pili. Imemwambia daktari usigome, na ikamwacha na mkataba ambao hakuna anayewajibika nao. Nikiulizwa leo kama daktari anapaswa kugoma, nasema hapana, na kwa pumzi hiyohiyo nasema anayemzuia asilale kabla hajamwonyesha mahali pengine pa kwenda kudai.

Watafiti waliowafuatilia wakazi wa Kilifi katika migomo sita ya wahudumu wa afya kati ya 2010 na 2016 hawakuona ongezeko la jumla la vifo wakati wa migomo. Matokeo hayo yaliwafurahisha baadhi ya watu wa chama. Mimi yalinitisha. Kwanza utafiti ulikoma Novemba 2016, haukuufikia mgomo huu. Pili, kama hospitali ikifungwa na vifo vya eneo zima havipandi, huenda wengi hawakuwa wakifika hospitalini hata ilipokuwa wazi. Na hilo linaturudisha kwenye wale madaktari 1,200 kwa mwaka.

Wapo pia wanaosema mfanyakazi wa umma hana haki ya kujadiliana kwa pamoja hata kidogo, kwa kuwa mwajiri wake ni wananchi na bunge ndilo linalogawa pesa za wananchi. Naiheshimu hoja hii kuliko zote za upande ule. Ina ukweli kwamba chama kikubwa kinaweza kuibana serikali dhaifu karibu na uchaguzi na kuchota ahadi ambazo hakuna atakayezilipa. Ilitokea Kenya mwaka 1997: walimu waligoma miezi michache kabla ya kura, serikali ya Moi ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, uchaguzi ukapita, na ahadi ile ikazaa migomo mingine kwa miaka zaidi ya kumi. Lakini tazama nani aliyekosea mwaka ule. Chama kilidai, ndiyo kazi yake. Serikali ilitia sahihi kitu isichokusudia kukilipa. Kuondoa haki ya kujadiliana kwa sababu mwajiri ana tabia ya kudanganya ni kumwadhibu aliyedanganywa.

Kuvuka mpaka

Kulikuwa na tishio lililorudiwa mgomo wote: tutawafuta, tutaleta wengine. Siku nne tu baada ya mgomo kuisha, Machi 18, ujumbe wa Kenya ulioongozwa na Waziri wa Afya Cleopa Mailu ulikuwa Dar es Salaam, na Rais John Magufuli akakubali kutoa madaktari 500. Tanzania nayo ilikuwa na upungufu wa madaktari na pia wahitimu wasio na ajira, jambo ambalo nchi zetu hizi mbili zinafanana kabisa. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, wakauliza inakuwaje tunaagiza madaktari na wetu wako nyumbani bila kazi, na mahakama ikazuia. Magufuli akaagiza wale waliokuwa wameomba kuja Kenya na kukidhi vigezo, 258, waajiriwe na serikali ya Tanzania yenyewe.

Madaktari wa Tanzania walikuwa wamegoma mwaka 2012, na walijua uchungu wa jambo hili.  Pengine miongoni mwa watu wachache sana walioneemeka na mgomo wa Kenya ni wale vijana 258 wa Tanzania, ambao kabla yake hawakuwa na nafasi. Nafasi zilikuwepo. Mwaka uliofuata Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba.

Kilichobaki

Machi 14, 2017, mbele ya viongozi wa dini waliokuwa wameingia kati, pande zote zilitia sahihi makubaliano ya kurejea kazini. Hakuna aliyefutwa. CBA mpya ingejadiliwa, itiwe sahihi na kusajiliwa ndani ya siku 60. Safari hii magavana walikuwepo. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na naliandika kwa furaha, kwa sababu kosa la Juni 2013 lilikuwa limetambuliwa. Mkataba mpya ukaja, wa kipindi cha 2017 hadi 2021, ukisema miongoni mwa mengine kwamba daktari mwanagenzi, yule aliyemaliza chuo na anafanya mwaka wake wa mazoezi hospitalini, atalipwa shilingi 206,400 kwa mwezi.

Machi 2024 madaktari waligoma tena, siku 56. Kilichowasha moto kilikuwa wanagenzi. Serikali ilisema haina pesa, na SRC ikashauri wanagenzi walipwe shilingi 70,000. Februari 29, kwenye maandamano ya kudai wanagenzi wapangiwe vituo, katibu mkuu wa chama Davji Atellah alipigwa kichwani na mkebe wa gesi ya kutoa machozi. Mgomo ukaisha Mei 8 bila suala la 206,400 kumalizwa. Tishio la mgomo mwingine likaja Desemba, na mwishoni mwa mwezi huo wizara ikatia sahihi tena, ikikubali kuwalipa wanagenzi kwa mujibu wa CBA ya 2017.

Mwanagenzi wa mwaka huo, aliyemaliza miaka sita ya chuo bila kukwama, alikuwa kidato cha nne mwaka 2017. Mkataba uliotaja mshahara wake ni wa mwaka uleule aliofanya mtihani wake wa KCSE.